Kiti cha Rodney

Jumatatu

Tumbili ameingia kabla ya mteja wa kwanza. Kapita dirisha la jikoni, kaacha chapati, kaacha mayai ya kuchemsha, kachukua sukari ya vipakti, ile ambayo wanafunzi hawaigusi wakidhani inalipiwa. Nimemkuta kijana wa mashine ya kahawa amesimama anamtazama. Nikamuuliza mbona hukumfukuza. "Anko, anafungua vipakti vizuri kuliko mimi."

Saa nne wamekuja wanakamati. Kamati yenyewe haina posho wala barua ya uteuzi. Ni wateja wetu wa siku nyingi, walimu watatu na wastaafu wawili, wamejichagua wenyewe kwenye meza ya dirishani. Wameamua mgahawa uwe na ukuta wa historia, kichwa chake "Kahawa Mlimani, Jana na Leo". Mchoraji ameshapatikana, ni mpwa wa mjumbe. Uzinduzi Jumamosi ya wiki ijayo. Mimi nitafute habari za jana. Za leo wamesema watazipata kwa kukaa hapohapo na kuangalia. Wamekaa mpaka saa saba kwa chai mbili.

Jumanne

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kajipiga picha kwenye kiti cha pembeni, kile cha karibu na soketi. Nikamuuliza kuna nini. Akasema hapo ndipo alipokuwa anakaa Walter Rodney akiandika kitabu chake. Nani kakwambia? "Kaka mmoja wa mwaka wa tatu."

Kiti ni cha plastiki. Tulikinunua Kariakoo mwaka jana, na karatasi ya bei bado imeganda chini ya kikalio. Rodney alifundisha hapa kilimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, 1966 na 1967, akaondoka, akarudi 1969, akakaa mpaka 1974. How Europe Underdeveloped Africa kilitoka 1972. Mgahawa wetu haukuwepo hata kwenye ndoto ya mtu. Nimemweleza yote haya kwa utaratibu, nikakigeuza kiti nikamwonyesha na bei. Amenisikiliza kwa heshima, akasema "Sawa Anko", kisha akamwita mwenzake aje naye apigwe picha.

Mchana kiti kimekuwa na foleni. Hakuna aliyenunua kitu.

Jumatano

Bumu, mkopo wa wanafunzi, limeingia usiku. Nimejua kabla sijafungua mlango, maana nje watu wamejaa na hakuna aliyeshika chupa ya maji. Wiki iliyopita walewale walikuwa wanakuja na pakti ya Africafe mfukoni, kahawa ya unga ya Bukoba, wanaomba maji ya moto tu. Maji ya moto hayana bei kwenye ubao wetu. Niliwahi kuwaambia ni mia mbili, mwanafunzi mmoja wa sheria akaomba nimwonyeshe ilipoandikwa. Tangu hapo ni bure.

Leo kila mtu anataka kapuchino, "ile yenye jani juu". Kijana wa mashine anajua kuchora jani kwa maziwa. Mpaka saa tano majani yalikuwa yameanza kuota mapezi. Dada mmoja karudisha kikombe chake kwa sababu yeye kapata samaki na rafiki yake kapata jani. Kijana akachukua kijiko, akakoroga vyote viwili, akawarudishia. "Sasa mko sawa."

Hali hii itadumu mpaka wiki ijayo katikati, kisha pakti zitarudi.

Alhamisi

Vikombe vilivyotumika jana ni vingi, fedha ni kidogo. Nimekaa na daftari mpaka macho yakauma. Saa sita imepigwa simu, namba siijui. Sauti ya mwanaume, mchangamfu: "Bosi, habari za huko? Naona leo biashara imelala kidogo, kwema?"

Ni mpangaji aliyekuwa hapa kabla yetu, alikuwa anauza juisi. Sasa yuko Morogoro. Kibandiko chake cha lipa namba kimebaki upande wa pili wa kaunta, ule unaotazama vimbweta, na wateja wa nje wamekuwa wakilipia hapo. Anasema alidhani ni wateja wake wa zamani wanaomkumbuka. Jana, kusema kweli, walimkumbuka sana mpaka akanunua jokofu.

Tumekubaliana atarudisha kidogo kidogo. Kibandiko kimegoma kutoka. Nimekifunika na tangazo la mandazi.

Ijumaa

Nimeanza kutafuta historia. Nimekwenda nyumbani kwa Profesa mstaafu, yule mrefu wa kamati, ambaye wenzake wanasema ndiye kumbukumbu yetu. Shikamoo, marahaba, karibu ndani. Nimekuta ametoa maboksi.

Mambo aliyonieleza yangejaza kuta nne. Chuo hakikuanzia kilimani. Kilifunguliwa Oktoba 1961 mjini, kwenye jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, kikiwa na fani moja tu, sheria, na wanafunzi ambao wangeenea kwenye daladala moja na nafasi ikabaki. Kilihamia huku 1964. Mwaka 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu Nyerere akafukuza zaidi ya mia tatu, na siku hiyohiyo akatangaza kukata mshahara wake mwenyewe. Profesa wakati huo alikuwa bado sekondari na anasema alifurahi, akidhani nafasi zimepatikana.

Yeye aliingia wakati wa USARF, ile jumuiya ya wanafunzi wanamapinduzi ambayo mwenyekiti wake alikuwa Yoweri Museveni. Kulikuwa na madarasa ya itikadi kila Jumapili, muda ambao wengine walikuwa kanisani au wamelala. Novemba 1969 likatoka jarida la Cheche. Lilichapwa kwenye stensili na kudurufiwa kwa mashine, na Profesa alinionyesha nakala yake. Karatasi imekuwa ya rangi ya chai. Herufi ya "o" imetoboka kila mahali kwa sababu taipureta ilikuwa na hasira, na pembeni ya ukurasa wa tatu kuna alama ya dole gumba la wino, kamili, mistari yote inaonekana. Nilimuuliza ni la nani. Akalitazama, akaweka dole lake juu yake kupima, akasema si lake. Mwaka mmoja baadaye jarida na jumuiya vyote vilipigwa marufuku.

Nimeandika kurasa nne. Kisha nikauliza swali lililonipeleka: kahawa mlikuwa mnakunywa wapi?

"Kahawa?" Akafikiri. "Hatukunywa kahawa. Tulikunywa chai."

Hata Rodney?

"Huyo sikuwahi kumwona ameshika kikombe. Alikuwa ameshika karatasi."

Nikamuuliza wakati wa Lumumba je. Akasema hapo yeye hakuwepo, ila Lumumba na Kariakoo ni pua na mdomo, na Kariakoo haijawahi kukosa muuza kahawa. Kwa hiyo, kwa hesabu yangu, chuo hiki kiliwahi kuwa karibu na kahawa kwa miaka mitatu, kikapanda mlima kikaiacha chini. Profesa kaniomba nisiliweke hilo ukutani.

Jumamosi

Mwenye mgahawa katuma ujumbe kwa simu: meza zikaliwe saa moja tu, mtu akimaliza aondoke. Nimechapa tangazo na kulibandika saa mbili asubuhi. MEZA MOJA, SAA MOJA.

Wa kwanza kulisoma ni mwalimu wa historia. Hakukasirika, na hilo ndilo baya, maana asiyekasirika anakuwa na muda. Kanieleza kwamba mwaka 1675, tarehe 29 Desemba, Mfalme Charles II wa Uingereza alitangaza nyumba zote za kahawa zifungwe, kwa kuwa watu walikaa humo mchana kutwa wakiisema serikali. Zilikuwa zifungwe 10 Januari. Tarehe 8 Januari tangazo likafutwa, kelele zilikuwa nyingi mno. Akaendelea kwamba Oxford ilikuwa na nyumba ya kahawa tangu 1650, na kwamba msomi mmoja wa huko, Anthony Wood, alilalamika kuwa elimu ya kweli inakufa kwa sababu vijana wanashinda kwenye kahawa. Alipofika hapo akamtazama mwanafunzi mwenye laptopu kwenye meza ya jirani. Mwanafunzi alikuwa anaangalia mpira.

Maelezo hayo yalichukua saa moja na dakika ishirini. Aliagiza kikombe kimoja.

Saa nne na nusu nimebandua tangazo. Mfalme alivumilia zaidi.

Jumatatu

Mchoraji kaanza kazi. Kamati ilimpa picha ya Rodney kutoka kwenye simu: ndevu, miwani, nywele nyingi. Amechora ndevu, miwani na nywele nyingi. Aliyetokea ukutani ni fundi bomba wetu.

Si mimi peke yangu niliyeona. Saa saba fundi bomba mwenyewe kaja kutazama sinki, na wanafunzi wawili wakainuka kumpisha. Kasimama mbele ya ukuta muda mrefu, kichwa upande. "Huyu kijana katumia picha yangu ipi?" Nikamwambia huyo ni Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana. Akasema hana ubaya na mtu, ila angependa kujua kama kuna chochote kwa ajili yake. Nimempa chai. Sinki bado linavuja, lakini sasa anakuja kila siku.

Kamati imekaa kwa dharura na kuamua liandikwe jina chini kwa herufi kubwa. Mchoraji kaandika WALTER RODNY. Herufi ya E imepandishwa juu baadaye, na kishale.

Jumanne

Nimeona niende kwa Babu.

Babu anakaa nje, pembeni ya njia, chini ya mwembe, na kila siku ana watu wengi kuliko mimi. Ana dele la shaba lililokwanguka ubavuni, na chini yake kikapu cha waya chenye makaa, hivyo kahawa haipoi hata akitembea nayo. Vikombe havina masikio. Anaviweka kwenye ndoo ndogo ya maji, anatoa viwili kwa mkono mmoja na kuvigonganisha kiganjani, na watu wanageuka. Anamimina akiwa ameliinua dele juu sana, uzi mwembamba mweusi, na hamwagi. Tangawizi inatangulia, uchungu unafuata. Kashata ya karanga unalipia peke yake. Kikombe ni mia mbili. Kwetu ile yenye jani ni elfu nne.

Kwenye benchi lake leo walikuwepo dereva wa bajaji, mlinzi, wanafunzi wa uzamili wawili, na mjumbe mmoja wa kamati ambaye aliponiona alijifanya anafunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa kandambili. Mjadala ulikuwa Simba na Yanga, ukapita kwenye tozo, ukarudi Yanga. Nimekaa muda mrefu na hakuna aliyeniuliza nitanunua nini tena.

Nilipolipa nilimpa sarafu ya mia tano. Akatafuta chenji kwenye mfuko wa kitambaa, akatoa kwanza noti ya zamani ya mia tano, ile ya 2010 yenye Ukumbi wa Nkrumah nyuma. Kuna mwanafunzi alimlipa nayo. Benki Kuu imeshaiondoa kwenye mzunguko. "Hii ilikuwa na chuo," akasema, akiigeuza geuza. "Hiyo yako ina nyati. Nyati anapokelewa."

Jumatano

Mwalimu mmoja wa kompyuta amesikia kwamba watu wanapanda mpaka huku na kukuta mashine ina foleni. Anasema tatizo hili lilitatuliwa zamani. Chuo Kikuu cha Cambridge, mwaka 1991, watafiti wa kompyuta walichoka kushuka ngazi na kukuta birika la kahawa tupu, wakaelekeza kamera kwenye birika, picha ikawa inaonekana kwenye kompyuta za mezani. Mwaka 1993 ikawekwa kwenye intaneti, na watu wa mabara mengine wakawa wanaangalia birika wasiloweza kunywea. Ilizimwa 2001, birika likauzwa kwa mnada kwa pauni 3,350. Hiyo ndiyo kamera ya kwanza ya mtandaoni duniani, na kazi yake ilikuwa kulinda kahawa mbaya. Hilo la ubaya kaliongeza yeye.

Basi kafunga simu yake kuukuu juu ya rafu ya vikombe, imeelekea kaunta. Picha ya kwanza imetumwa kwenye kundi la walimu saa kumi na mbili na nusu jioni, tumeshafunga: tumbili, mikono miwili, sukari. Imepata maoni mengi. Picha ya pili haipo. Simu imekutwa ndani ya ndoo chini ya sinki, upande ule unaovuja.

Alhamisi

Mvua. Wamejaa wote ndani, hakuna aliyeagiza, na kila mmoja kaniambia pole kwa mvua.

Ijumaa

Bumu limekwisha. Pakti zimerudi.

Mwanafunzi mmoja wa Karagwe, mpole sana, amesikia habari za ukuta na kuleta zawadi kutoka nyumbani. Ni kahawa ya kutafuna, imefungwa kwenye majani makavu ya mgomba na kukazwa kwa uzi wa mgomba, kifungo kidogo cha kulala kiganjani. Kwao Kagera mgeni anaanza kwa hiyo: robusta inachumwa ikiwa haijaiva, inachemshwa na majani ya porini, inakaushwa na ganda lake, mgeni anapewa punje anatafuna huku anasalimiwa. Walikuwa wakifanya hivyo karne nyingi kabla ya wamisionari kupanda arabika Kilimanjaro. Nikaona hatimaye nimepata kitu cha kuweka chini ya neno "Jana". Nikaiweka kwenye sahani juu ya kaunta, na kikaratasi: USIGUSE, HISTORIA.

Jioni nimekuta sahani tupu. Kijana wa mashine alidhani ni sampuli ya mzabuni. Aliimwaga kwenye kisagio, na ganda lake na vijiti vyake. Mashine ilitoa sauti ambayo mlinzi wa jengo la jirani alikuja kuulizia. Fundi wa mashine yuko Arusha, atafika Jumanne.

Mwanafunzi wa Karagwe nimemwambia wageni wameipenda.

Jumamosi

Uzinduzi. Wageni wamefika saa tatu kwa mwaliko wa saa mbili, hivyo wamewahi. Pazia limevutwa, limekwama kwenye msumari kwenye sehemu ya nywele za Rodney, fundi bomba akapanda kwenye kiti kulitoa. Alipogeuka kutazama watu wakapiga makofi. Kamera zote zilimpata yeye na ukuta kwa pamoja.

Kisha mwenyekiti wa kamati akatangaza kwa sauti kuwa sasa tutaonja kahawa. Nikamnong'oneza kuhusu mashine. Akaendelea kutabasamu kwa wageni na kuniuliza kwa upande wa mdomo kama kuna njia yoyote. Nimemtuma kijana mwembeni.

Babu kaingia na dele, makaa na ndoo, pamoja na wateja wake wa benchini ambao hawakuona sababu ya kubaki. Kagonganisha vikombe mara moja na hotuba ya pili ikafia hapo. Amemimina kwa safu, wageni rasmi kwanza, akizunguka vile viti vya plastiki. Mwanafunzi aliyekuwa kwenye kiti cha pembeni alisimama kumpisha, Babu akakikalia akapumzika kidogo, akaendelea.

Profesa mrefu kanywa vikombe vitatu. Akauliza, kwa wote, kwa nini enzi zao hakuna aliyefikiria kitu rahisi namna hii, watu wakakaa, wakanywa, wakajadili.

"Nilikuwepo, Profesa," Babu akasema, anamimina. "Nilikuwa pale Mwenge. Ulikuwa unapita na Volkswagen."

Profesa akakubali kwamba alikuwa na Volkswagen.

Jumatatu

Nimepeleka hesabu kwa mwenye mgahawa: vikombe themanini na sita vya kahawa, vilivyonunuliwa na mgahawa wa kahawa, kutoka nje. Kanipigia kuuliza kama nimekosea safu. Nikamwambia hapana, na kwamba Babu hana lipa namba, anataka taslimu, na kashata haijahesabiwa.

Mchana kamati imekaa kutathmini. Wameridhika. Wamependekeza mwakani ufanywe ukuta wa pili, wa chai. Nimewaeleza kwamba ukuta wa pili ndio wenye tangi la maji. Wameniagiza nitafute habari za tangi.